Farao, Namugongo na Haki ya Mungu

Kila tarehe 3 Juni inapokaribia, mahujaji wakipita hapa Jinja kwa miguu kuelekea Namugongo, walikouawa mashahidi wa imani wa Uganda, mjadala wa kuchaguliwa tangu asili, yaani fundisho kwamba Mungu aliamua kabla ya uumbaji nani ataokolewa, hufufuka katika kundi letu la kujifunza Biblia. Safari hii mzee mmoja aliuliza: ikiwa Mungu aliamua kabla ya kuumba ulimwengu kwamba Charles Lwanga na wenzake, mashahidi hao, wafe motoni mwaka 1886, waliowasha moto ule wana hatia gani?

Ndugu wanaomfuata Calvin, mwanamageuzi wa kanisa aliyefundisha kuchaguliwa huko, walikimbilia Warumi 9, kwamba udongo haumhoji mfinyanzi. Sikuridhika, kwa maana sijaona mfinyanzi anayekishtaki chungu kwa kupinda. (Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi uliowakataa wafuasi wa Arminius, waliopinga fundisho hilo, mwaka 1618 na 1619, haikuwanyamazisha wenye swali hili.) Mimi hurudi kwenye kitabu cha Kutoka, ambako sura ya 8 inasema Farao, mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli, aliufanya moyo wake mwenyewe kuwa mzito, na ni katika sura ya 9 tu, baada ya mapigo kadhaa, tunaposoma kwamba Bwana ndiye aliyeufanya mgumu. Kwangu huo ni mtu kuachiwa njia aliyokwisha kuichagua.

Mzee alinikumbusha, kwa upole, kwamba katika sura ya 4 Mungu alikuwa amekwisha kumwambia Musa kuwa ataufanya moyo huo mgumu. Nilinyamaza, nikaomba nipewe wiki moja.