Kati ya Wangapi?

Nyumba ya Shangazi ina vyumba viwili na ua mdogo, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka feri, upande wa Likoni, Mombasa. Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri kina mama hupiga hodi: huyu anakwenda kufua nguo nyumba za watu Nyali, yule ana meza ya mboga Kongowea, mwingine ni kibarua kiwandani. Kila mmoja huacha mtoto, kikopo cha uji na shilingi 50, kisha huyo, mbio kwenye feri. Nami nilikuwa mmoja wao, nikiuza kwenye duka la leso Biashara Street.

Siku moja tajiri alifunga duka mapema, nikafika kwa Shangazi saa nane mchana. Nikawakuta watoto wamelala mkekani, wamepangwa kama dagaa, mwanangu katikati. Nikawahesabu: 19. Shangazi alikuwa peke yake. Sikumlaumu, maana bila yeye nisingekuwa na kazi, lakini usiku ule usingizi ulinipaa.

Aprili iliyofuata nikasikia msikitini wakitangaza kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Nikaenda na picha kwenye simu na maneno tele kifuani. Nikasema mpaka sauti ikakatika. Wazee wakanipigia makofi, mama mmoja akalia. Nikatoka nikijiona nimeshinda. Pale mlangoni karani aliyekuwa akiandikisha majina akaniuliza kwa upole, "Dada, watoto wa hali hiyo ni wangapi?"

"Wengi."

"Kati ya wangapi?"

Sikuwa na jibu. Akanipa na jingine la bure: "Mwakani njoo Februari. Saa hizi kila idara imeshakatiwa fungu lake."

Maneno ya karani yule yamenifaa kuliko semina zote nilizohudhuria baadaye. Nilikwenda kuisoma sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 nikaona alivyosema kweli. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ule unaoweka kikomo cha kila idara, hutakiwa kufika katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika ifikapo 30 Aprili. Anayekuja Aprili na jambo jipya anaomba kiti kwenye karamu ambayo sahani zimeshahesabiwa.

La pili nililisoma nimesimama ndani ya feri. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeandika kazi za kaunti, na baada ya elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini kuna maneno haya: vituo vya kulea watoto. Nikarudia kusoma. Kumbe kwa Shangazi ni kazi ya kaunti! Sisi sote tulidhani ni shida zetu za nyumbani.

Sasa hesabu. Nilianza na zilizochapishwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 250,358 katika Likoni yetu, kati ya 1,208,333 wa Mombasa nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano umeshuka nchini kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18, ilhali majirani zetu wa Kilifi wako asilimia 37. Ni takwimu nzuri, ila utafiti ule ulipangwa useme juu ya kaunti, hauwezi kukuambia neno kuhusu kichochoro chako. Nikaandika barua kuomba zaidi, kwa sheria ya 2016 ya kupata habari inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Barua ya kwanza niliharibu mwenyewe: niliomba "taarifa zote kuhusu watoto". Nani atakujibu hapo? Ya pili niliuliza jambo moja tu, orodha ya vituo vya kulea watoto vinavyotambuliwa katika wadi yetu. Jibu lilikuja, fupi: orodha hiyo haipo.

Nilifurahi, wallahi. Karatasi inayosema orodha haipo ilinipa mahali pa kuanzia.

Tukajikusanya wanne, kina mama wawili wa chama chetu, mimi, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Tulipita tukiuliza "Mna shida gani hapa?", tukaorodheshewa shida za dunia nzima, kuanzia bei ya makaa hadi mume. Mchana uvumi ukazagaa kwamba tumetumwa na chifu kufunga nyumba za walezi. Shangazi mwenyewe akanifungia mlango. "Mimi nimekulelea mwana, nawe waniletea serikali mlangoni?"

Nilirudi jioni peke yangu, tukakaa barazani. Nikamwonyesha fomu: hamna jina la mlezi, hamna jina la mtoto, namba tu, na mzazi asiyetaka mwanawe aguswe basi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, lakini kwa Shangazi sheria haikuwa na uzito, alitaka kusikia kwamba hafungiwi. Akaisoma fomu yote kwa utuo, miwani puani. Kisha akasema, "Maswali yenu haya ya mtu asiyelea. Uliza hivi: ukienda chooni, nani anabaki nao?"

Tukaliweka la kwanza.

Kwa wikiendi tatu tulipata nyumba 11. Hesabu ya mwanzo ilitupa watoto 149, tukajisifu, halafu mmoja wetu akagundua kuna wanaohamahama, leo huku kesho kule, kutegemea nafasi. Tukarudi kuondoa waliohesabiwa mara mbili, wakabaki 142. Kwa swali la Shangazi, nyumba 8 kati ya 11 zilijibu: hakuna.

Kupima alipima mhudumu wa afya peke yake, kwa utepe ule wa rangi unaozungushwa mkononi. Kijani ni salama, njano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya hapo. Kati ya watoto 118 waliofikia umri wa kupimwa na ambao wazazi waliridhia, 9 walikuwa njano na mmoja nyekundu. Yule wa nyekundu alipelekwa zahanati siku hiyohiyo. Kusubiri ripoti ingekuwa dhambi. Nami nikakaribia kuandika "watoto 10 wamedumaa". Mhudumu akanizuia kalamu: "Huu mkono unaonyesha ukondefu. Udumavu ni kimo kwa umri, na kimo hatukupima." Ningeliandika vile, mtu mmoja mjuzi kwenye kamati angetubwaga kwa sentensi moja.

Mwenzetu mwingine aliniuliza kwa nini nijisumbue na tarakimu kwa viongozi. Nikamkumbusha Owino Uhuru, kule Mikindani. Kina mama walipiga kelele miaka kuhusu kiwanda cha kuyeyusha betri, na kesi ilipofika mahakamani, vipimo vya madini ya risasi katika damu ya watoto vilikuwa miongoni mwa ushahidi. Mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ile ilikatiwa rufaa na kuzungushwa miaka, lakini vile vipimo havikuweza kuambiwa vinatia chumvi.

Februari nikapewa dakika tatu kikaoni. Nilikuwa na ukurasa mmoja, nakala 12. Juu kabisa niliandika kifungu cha katiba, chini yake 8 kati ya 11, kisha 10 kati ya 118, kisha maombi matatu: walezi waorodheshwe bila kufungiwa, bwana afya awapitie, na mhudumu wa afya aingize nyumba hizo katika mzunguko wake wa kila mwezi. La nne, fedha za vyoo na maji, nililiweka mwisho kwa sababu ndilo gumu. Picha sikutoa hata moja. Mjumbe mmoja akauliza, "Hawa 118 ni kati ya wangapi?" Nikamtafuta karani kwa macho, nikamwona anaandika ameinama. "Kati ya 142," nikajibu, na sababu za 24 waliobaki nikazitaja.

Bajeti ilipotoka nilipekua kurasa zote. Mstari wa vyoo sikuuona. Ripoti ya kikao, hata hivyo, ilizitaja nyumba za walezi kwa jina hilo, na mzunguko wa mhudumu sasa unazifikia zote 11. Bwana afya alifika kwa Shangazi mwezi wa tano. Alikunywa chai, akaagiza ndoo ya maji ifunikwe na jiko lihamishwe uani.

Shangazi ana daftari siku hizi. Kila asubuhi anaandika tarehe, idadi ya watoto, na rangi ya mkono ya wale waliopimwa. Kuna safu ya nne aliyoichora mwenyewe kwa rula, ina kichwa "chooni". Jana palikuwa na watoto 14, na katika safu ile ameandika: jirani.