Kaburi la baba yake bibi

Jana nimekaa na bibi hadi saa nne usiku, yeye anaongea mimi naandika, maana ndo mtu pekee aliyebaki anayekumbuka baba yake alikufaje.

Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliowasukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ya masika ya kule na matope yasiyoisha. Akarudi na kidonda pajani. Bibi alikuwa mdogo sana ila anakumbuka kilivyokuwa kinafunga halafu kinafumuka tena, anakumbuka mama yake akichemsha matambara kila jioni, na harufu, hiyo harufu ameirudia mara tatu jana. Jeshi lilikuwa limeshamwachisha, akafia kitandani kwake mwaka 1946. Kaburini kuna mawe matatu tu, jina hakuna.

Sasa nataka awekewe jiwe lenye jina, nimesoma masharti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale wanaotunza makaburi na majina ya askari waliokufa kwenye vita kuu mbili. Kwa vita ya pili wanahesabu waliokufa kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, kwa hiyo kwa tarehe tumo. Kinachonikosesha usingizi ni hiki, askari aliyekufa akiwa bado jeshini anahesabiwa hata kama aliuawa na malaria au ajali ya gari, lakini aliyeachishwa lazima ithibitike kwamba kilichomuua kimetokana na utumishi wake. Na mtu aliyefia nyumbani, wakamzika majirani, cheti cha kifo kingetoka wapi? Tuna cheti chake cha kuachishwa jeshi, namba yake inasomeka nusu, mchwa wamekula kona. Kidonda hakijatajwa. Bila faili la hospitali ya jeshi ushahidi tulio nao ni harufu ambayo bibi hajaisahau miaka karibu 80.

Na hatuko peke yetu jamani. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikakiri kwamba waliokufa vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wakati sanamu za askari pale Dar, Nairobi na Mombasa zimeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako! Wana wanakumbuka kweli, bibi anakumbuka mpaka namna alivyokuwa anakohoa, ila kumbukumbu ya bibi haijaandikwa popote.

Nitaiandikia tume barua wiki hii, na maelezo yake nitayaambatanisha kama alivyoyasema, siyapambi.

Asubuhi kaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo jiwe litakuwa na nafasi ya jina la mama pia?" Nimeliongeza kwenye maswali ya barua, la kwanza kabisa.