Grisi Haizidi, Walisema

Fundi wa kwanza aliegemea boneti akasema, "Mzee, giaboksi ya fobaifo imekufa." Fobaifo, yaani magurudumu yote manne kusukuma gari. Hata chini ya gari hakuinama. Alitaka elfu arubaini na ushei, mbali na spea. Naandika haya kwa sababu nilikaribia kuzitoa.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, ya habu za mkono, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele viungavyo tairi na shafti, ule mhimili wa kulizungusha: washuka, wageuza kila moja kutoka frii (imeachia) hadi loki (imefunga), kisha warudi ndani kuvuta fimbo ya fobaifo. Mie hubeba nazi na madafu kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea, na masika yakishuka njia za kule ndani huwa matope matupu. Siku hiyo nimegeuza habu zote mbili, nimevuta fimbo, taa ya dashibodi imewaka, na gari lachimba kwa magurudumu ya nyuma tu kama kuku atafutaye punje. Mbele kumetulia tuli. Walinisukuma vijana wanane. Wakanywa madafu yangu na mia chache juu. Taa ile, kumbe, huwashwa na transifa, ndiyo hiyo giaboksi ya fobaifo ipelekayo nguvu mbele na nyuma. Mambo ya habu haiyajui kabisa.

Fundi wa pili akasema difu, yale meno yagawayo mzunguko kwa tairi la kulia na la kushoto. Jirani akasema ongeza grisi. Huyu jirani nina kesi naye.

Jumapili nikapiga jeki mwenyewe, injini imezimwa, fimbo nimeirudisha, habu kwenye loki. Nikachora mstari wa chaki kwenye shafti ya kulia, nikamwambia mpwangu azungushe tairi. Mstari ukazunguka nalo. Tukahamia kushoto.

"Mjomba, tairi lazunguka, chaki imesimama!"

Nikalala chini nione. Kweli. Tairi limepita mara tatu, mstari mweupe wanitazama tu.

Basi mgonjwa ni habu moja, ya kushoto. Na ikikosa moja umekosa zote: difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye upande mwepesi, kwa hivyo shafti ya kushoto ilikuwa yazunguka bure na tairi la kulia halipati kitu.

Kifuniko kina boliti sita za spana namba 10. Kilipotoka, ndani mmejaa grisi nyeusi iliyoganda kama halua ya juzi. Grisi ya nani? Yangu. Mwaka jana jirani alinambia, "Grisi haizidi, bwana," nami nikashindilia ile nzito ya beringi, karibu nusu kopo, nikajiona fundi. Sasa mle ndani mna ringi ya meno isukumwayo na springi ndogo ili ikamate. Springi ile itasukumaje ringi ndani ya halua?

Bodi ya habu nayo ilibidi itoke nipate kuisafisha, na hapo zilipotea saa mbili. Nati zilifunguka vizuri, ila chini yake kuna wosha za koni zenye mpasuko, na chumvi ya bahari ilikuwa imezikaba. Nilichokonoa kwa bisibisi, nikajichoma kidole, nikaikwaruza habu. Mwisho nikarudisha nati mpaka nusu ili nyuzi zisiharibike, nikachukua kipande cha shaba cha bomba bovu la jikoni, nikawa nagonga ncha ya kila stadi, ile boliti ikaliwayo na nati, pigo moja kavu. Tak! Wosha ya kwanza ikafyatuka ikagonga nati yake. Tak! Ya pili. Zote sita zikalia kama bisi ndani ya sufuria iliyofunikwa, na mpwangu akapiga makofi.

Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi nyembamba mfano wa mafuta ya nazi mkononi. Kifuniko hurudishwa kikiwa frii. Mie nilikirudisha kikiwa loki, kikagoma, boliti sita zikafunguliwa tena. Gharama haikufika elfu na nusu, gasketi na soda za mpwangu ndani yake. Ya kulia nayo niliifungua: halua vilevile, ila mbichi.

Ukigeuza loki, meno huenda yasikamatane mpaka tairi lisogee kidogo, kwa hivyo usikimbilie koleo.

Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini moja kwa moja hadi Msambweni, mvua yamwagika, nikashuka topeni kugeuza habu. Pikapu ilitoka. Doa la grisi kwenye mkono wa kanzu halijatoka hadi leo.