Hati ya Baba Mdogo

Jumamosi, usiku.

Baba Mdogo ameniletea bahasha ya kaki yenye karatasi zote za mkopo. Nyumba yake ya Kihonda, Morogoro, imetangazwa kupigwa mnada. Hakukopa yeye. Alikopa rafiki yake wa miaka mingi, mfanyabiashara wa mpunga, na Baba Mdogo akamwekea hati ya nyumba yake benki iwe dhamana.

Majirani wanamwambia, "Wewe huna deni, wamfuate aliyekula hela." Natamani ingekuwa hivyo. Sheria ya Mikataba inasema wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa kama mkataba wao umesema vingine. Benki hailazimiki kumshitaki kwanza mkopaji ndipo imgeukie mdhamini. Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mbona siku ile hawakuniambia?"

Hapo ndipo panaponiuma. Aliitwa tawini akaonyeshwa pa kusaini. Fomu ni Kiingereza kitupu, herufi ndogo, kurasa nyingi. Leo nimezisoma zote. Kipengele kimoja kinasema anadhamini mkopo ule na mwingine wowote utakaofuata. Kingine kinasema amekubali mapema kwamba benki na mkopaji wanaweza kubadilisha masharti bila kumtaarifu. Sheria hiyohiyo ya Mikataba ilikuwa imemlinda: masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, hawajibiki tena kwa yanayofanyika baada ya mabadiliko hayo. Ulinzi huo ameusaini uondoke kabla hajajua kwamba anao. Na mkopo uliongezwa, tena zaidi ya mara moja. Yeye alipata habari dalali alipokuja kubandika tangazo ukutani.

Najua benki inakopesha akiba za watu, na lazima zirudi. Najua pia mahakama zetu zinashikilia kwamba aliyesaini kwa hiari anabanwa na alichosaini. Lakini hiari ya mtu asiyeelewa alichopewa asaini ni hiari gani?

Nilitumaini Mama Mdogo hakushirikishwa, maana nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 pia. Nikamwonyesha karatasi ya ridhaa. Saini ni yake. "Baba yenu aliniambia nisaini, nikasaini."

Kilichobaki ni notisi. Sheria ya Ardhi inataka mwenye nyumba iliyowekwa rehani apewe notisi ya siku 60 kabla benki haijauza. Nakala iliyomo kwenye bahasha imeandikwa jina la mfanyabiashara tu. Baba Mdogo anaapa kwamba yeye hakupokea kitu. Kama ni kweli, hapo tuna la kusema mbele ya jaji.

Tatizo ni muda. Dalali anatakiwa kutangaza mnada siku 14 kabla, na siku zinakwenda. Nyumba ikishanunuliwa na mtu aliyenunua kwa nia njema, sheria inamlinda mnunuzi huyo, na Baba Mdogo atabaki kudai fidia. Hata zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada wakati kesi inasikilizwa, si jepesi. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, mwombaji huonyesha kwamba kuna hoja nzito ya kusikilizwa, kwamba ataumia kwa namna isiyofidika, na kwamba akinyimwa zuio ataumia kuliko upande wa pili. Benki hujibu kwamba ina uwezo wa kulipa fidia. Sijui fidia gani itamrudishia mzee wa umri wake nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu.

Ningekuwa na sauti bungeni, ningetaka benki ilazimishwe kumwandikia mdhamini kwa Kiswahili kila mkopo unapoongezwa, na kila rejesho linapochelewa. Barua moja tu ingemwezesha kumkalisha rafiki yake chini mapema.

Jumatatu tunaenda kwa wakili. Cha kwanza tutakachodai ni taarifa yote ya mkopo: zilikuwa shilingi ngapi siku anasaini, ziliongezwa ngapi baadaye, na notisi ya siku 60 ilipokelewa na nani.