Milimita nne

Jana binti wa kaka alifungua kichupa cha kufutia rangi ya kucha, na kabla hajalowesha pamba nilikuwa nimeshakaza taya. Asetoni.

"Shangazi, mbona umenuna?"

Nikamwambia harufu hiyo inanikumbusha mfupa. Akazitazama kucha zake, akaona hilo si jibu, akaendelea kusugua.

Ilikuwa 2014. Fupapaja la kushoto, sentimita 12 tu, nusu yake bado imo ndani ya jiwe la Triasiki ya Kati, zama za miaka kama milioni 240 iliyopita. Msimamizi alitaka ncha ya juu itoke kabla ya mwisho wa mwezi, maana kwa dinosauri wa mwanzo na ndugu zao ncha ya juu ndiyo inayosema nani ni nani. Huhitaji mfupa mzima; unahitaji sentimita 3 za mwanzo. Kichwa cha fupapaja kimegeukia ndani kiasi gani? Trokanta ya mbele, pale msuli unaposhika karibu na kichwa hicho, ni kinundu tu, au imesimama? Na chini yake, je, kuna rafu? Rafu ni ukingo mwembamba unaopinda kuelekea nyuma kwenye upande wa nje wa mfupa, mahali msuli wa nyonga ulipojishikiza. Herrerasaurus, dinosauri wa Argentina, anayo. Asilisaurus kongwe wa bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, anayo pia, na huyo wengi tulimhesabu kuwa si dinosauri bali ndugu wa karibu sana. (Alipewa jina 2010, na nililipenda tangu siku ya kwanza: asili, kongwe. Kwa mara moja wageni ndio waliohitaji kamusi.)

Kabla ya sindano ya kuchongea jiwe huja dawa ya kuimarisha mfupa. Paraloid B-72 huuzwa kama vipunje vya plastiki vinavyong'aa mithili ya chumvi ya mawe. Gramu 5 kwenye mililita 100 za asetoni zinakupa maji mepesi ya kunywesha mfupa. Ukitaka gundi, panda hadi gramu 40 au 50. Vipunje usivimwage tu chupani, vitashikana chini viwe donge, na donge hilo litakushinda hadi kesho kutwa. Vifunge kwenye kitambaa cha shashi, kitundike katikati ya asetoni, funika, nenda kalale. Asubuhi unakuta kitambaa kitupu. Chupa iwe ya kioo, kwa sababu asetoni inakula plastiki nyingi, na hilo kila mwanafunzi hulijua baada ya kupangusa meza mara moja.

Dawa hupakwa kwa brashi laini, tone kwa tone. Mfupa mkavu unaivuta papo hapo na kubaki umefifia. Ukianza kubaki na mng'ao ujue umeshiba, acha. Siku ya unyevunyevu usiguse kitu. Asetoni inaruka kwa kasi, inaupoza uso wa mfupa, unyevu wa hewani unatua juu yake, na dawa inageuka nyeupe kama ukungu wa kioo cha gari. Wapo wanaopenda supagluu kwa sababu inashika kwa sekunde. Mimi naona sekunde hizo ndizo hatari yenyewe: ukikosea pembe, umeikosea kwa miaka mingi. Gundi ya B-72 unaitonea asetoni, inalegea, unaanza upya.

Kisha kalamu ya hewa, ndivyo tulivyoiita: bomba la chuma unaloshika kama kalamu, kompresa inasukuma hewa, na sindano ya mbele inagonga maelfu ya mara kwa dakika. Barakoa lazima, maana vumbi la jiwe lenye silika likiingia mapafuni halitoki. Vizibo vya masikio lazima. Hadubini juu ya kazi, ukuzaji wa mara 10, na bomba la mashine ya kufyonza vumbi karibu na mkono wa kushoto ili uone unachofanya. Sindano unailaza. Unaanzia karibu na mfupa ukielekea nje, kamwe usielekee mfupa, na hung'oi kitu. Unaligonga jiwe pembeni mpaka lenyewe liamue kubanduka. Likibanduka vizuri linaacha uso wa mfupa laini, wa kahawia iliyoiva, na moyo unatulia.

Jiwe langu halikuwa na heshima hiyo. Lilikuwa na chokaa nyingi, gumu kuliko mfupa wenyewe, na limeng'ang'ania. Nilifanya kosa ambalo leo nalieleza kwa wanafunzi kwa sauti ya mtu asiyehusika: niliunywesha dawa upande wa juu tu wa ule ukingo, uliokuwa umeshatoka. Upande wa chini ulikuwa bado umezikwa, kwa hiyo haukupata hata tone. Nikawa na ukingo ambao nusu ni mgumu na nusu ni mkavu kama biskuti, na chini yake jiwe linalopeleka kila pigo la sindano moja kwa moja kwenye mpaka wa hizo nusu mbili. Cha kufanya hapo kinajulikana: simama kila baada ya milimita moja, toa vumbi, nywesha sehemu mpya, subiri asetoni iishe, endelea. Kila kusubiri ni kama saa nzima. Nilikuwa nimesubiri mara tatu siku hiyo, na ya nne nikaona nikiipita hakuna atakayejua.

Saa kumi kasoro jioni. Kwenye hadubini ukingo ulikuwa umeanza kupinda kuelekea nyuma. Nakumbuka hivyo. Uso laini, kisha mstari mwembamba wa kivuli, kisha ukingo unageuka. Nikasogeza sindano upana wa unywele ili nilitoe punje la jiwe lililokuwa limekaa hapo kwenye kona. Sauti ikabadilika. Jiwe huitikia kwa ukali, tiki tiki tiki. Mfupa huitikia kwa unene. Nilisikia "tu" moja, nene, hata kwa vizibo masikioni, na pale palipokuwa na ukingo pakawa peupe. Mfupa uliovunjika sasa hivi huwa mweupe ndani. Umekaa zaidi ya miaka milioni 240 bila kuonwa na mtu, halafu unakutazama hivyo.

Nyuma yangu fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amenipa mgongo akinoa sindano, hakugeuka hata kidogo.

"Usinyanyue mguu, binti," akasema. "Zima mfyonzo kwanza. Kalamu baadaye."

Nilikuwa nimeshaanza kufanya kinyume. Kalamu ikizimwa kwanza huokoi kitu, imeshafanya lake. Mashine ya kufyonza ndiyo inayoendelea kumeza. Na pumzi pia uizuie, barakoa au la, kwa sababu kipande cha milimita chache husafiri mbali kwa pumzi ya mtu aliyeshtuka. Akaja taratibu akiburuza nyayo, akainama, akatazama mapajani mwangu, kwenye mikunjo ya aproni, kwenye kishikizo cha mkono. Kipande cha kwanza kilikuwa ndani ya pindo la mkono wa kulia. Akakitoa kwa brashi iliyoloweshwa ncha, hakutumia kibanio. Kibanio kikibana kitu kidogo na kikavu hukirusha mara ya pili.

Kisha akazima taa za dari na kuilaza tochi sakafuni. Ni mbinu ya kawaida kabisa, lakini usiku ule niliiona kama mazingaombwe: mwanga ukipita chini chini, kila chembe inatupa kivuli kirefu kuliko yenyewe, na sakafu uliyodhani ni safi inakuwa jangwa lenye mawe. Tulitambaa. Tulipata vigae vya jiwe, kipande cha plasta, ukucha wa mtu. Mfupa hakuna.

Uliobaki ni mfuko wa mashine. Unaufungua juu ya karatasi nyeupe, polepole, na unachekecha kwa ngazi: chekeche la milimita 2, halafu la 1, halafu la nusu. Bila maji, maana huo mfupa mkavu unaoutafuta ndio ule ule ambao hukuunywesha dawa. Kila kinachobaki juu ya chekeche kinapita chini ya hadubini, punje kwa punje, la jiwe kushoto, lenye shaka kulia. Tulimaliza saa nne usiku. Kipande cha pili kilikuwa kwenye chekeche la milimita 1. Cha tatu, kile cha kona yenyewe, kwa kukadiria kutoka kwenye pengo kilikuwa na urefu wa milimita 4. Hakikuonekana.

Viwili tulivirudisha kesho yake. Unajaribisha kwanza bila gundi, mpaka uone mistari ya mivunjiko imelala sawa. Unauzika mfupa kwenye sanduku la mchanga kwa pembe ambayo uzito wa kipande wenyewe unakikalisha mahali pake. Gundi kiasi cha ncha ya pini. Ukizidisha, inajaa kwenye ufa na kukiinua. Vilikaa vizuri. Pengo pia lilikaa vizuri, katikati yake.

Msimamizi alitazama muda mrefu. Picha za hatua kwa hatua nilikuwa nazo, ila ya mwisho ilikuwa ya kabla ya chakula cha mchana, ukingo bado umefunikwa. Skana ya eksirei tulikuwa tumeiandikia foleni; zamu yetu ilikuwa wiki mbili mbele.

"Rafu uliiona?"

"Nadhani niliiona, Profesa."

"Nadhani haina namba kwenye jedwali."

Na kweli haina. Jedwali la sifa lina safu mamia, kila mnyama na mstari wake: 0 haipo, 1 ipo, na alama ya kuuliza kwa usichoweza kukiona. Nilijaza alama ya kuuliza. Baadaye, usiku, peke yangu, nilifanya jambo ambalo kila mtu hulifanya: nilijaza 1 na kuendesha programu inayochora mti wa ukoo wa wanyama hawa, nikajaza 0 na kuendesha tena. Kwa 1 mnyama wangu alipanda akakaa jirani na dinosauri. Kwa 0 alishuka matawi mawili. Kwa alama ya kuuliza mti mzima wa eneo lile ulibomoka ukawa kichana: meno yamepangana, hakuna aliye karibu na mwenzake.

Nilijifariji kwa Nyasasaurus, mnyama mwingine aliyebishaniwa kama ni dinosauri, kama wengi wetu miaka ile. Mtafiti wa visukuku Parrington aliikusanya mifupa yake kusini mwa Tanganyika miaka ya 1930, mwenzake Charig akaieleza kwenye tasnifu yake ya 1956, na jina likatoka rasmi 2013, Charig mwenyewe akiwa amefariki tangu 1997 lakini yumo kati ya waandishi. Mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa, basi. Ukingo wa msuli kwenye mfupa huo unapita asilimia 30 ya urefu wake, kama wa dinosauri. Tishu yake inaonyesha ukuaji wa haraka, kama wa dinosauri. Umri unakaribia miaka milioni 243, wakati dinosauri wa Ischigualasto, kule Argentina, wasiobishaniwa wana kama milioni 231. Na baada ya yote hayo, kichwa cha makala kilichapishwa na alama ya kuuliza ndani yake. Ila wao hawakuipuliza sifa yao ikaingia kwenye mfuko wa vumbi.

Halafu 2016 watafiti Griffin na Nesbitt wakachapisha uchunguzi wao wa mafupapaja ya Asilisaurus, madogo kwa makubwa, wakaonyesha kwamba makovu na kingo hizi hujitokeza kadiri mnyama anavyokua, tena si kwa mpangilio mmoja kwa kila mnyama. Yaani fupapaja langu la sentimita 12 lingeweza kukosa rafu kwa sababu ya utoto tu. Au kuwa nayo na isimaanishe nilichotaka imaanishe. Nilisoma makala ile nimesimama. Sijui kama nilipumua au niliumia zaidi.

Mfuko wa vumbi haukutupwa. Mzee aliufunga, akauandika namba ya kielelezo na tarehe, akauweka droo moja na fupapaja. Nimeuchekecha mara mbili tangu hapo. Mara ya tatu niliutoa, nikautandika karatasi nyeupe, nikaurudisha droo bila kuufungua.

Binti wa kaka alikuwa amefika kidole cha mwisho.

"Kwani alikuwa dinosauri au siyo?"

Nikamwomba afunge kichupa.