Mikono miwili na namba 128591

Juzi kwenye grupu la familia shangazi katangaza msiba, watu wakamwaga ile mikono iliyokutanishwa 🙏, huyu anamaanisha pole, yule amina, na binamu yangu (huyu naye!) alikuwa anaomba arushiwe vocha. Simu yenyewe haijui lolote, kwake ile ni namba tu, 128591 kwenye Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi na alama namba yake; maana yake tunaitia sisi. Kinachonichekesha, Charles Peirce, yule Mmarekani aliyehangaika miaka mingi na alama na maana zake, ndo huyohuyo mwaka 1886 alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya kazi ya mantiki, kompyuta zenyewe bado kabisa. Shangazi akajibu wote, asanteni sana 🙏. Binamu akajua kakubaliwa.