Umeme wa Februari haufiki Julai bila gharama

Saa sita mchana, katikati ya Februari, kioo cha inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, katika nyumba yetu ya wageni hapa Tengeru kilisomeka kilowati 1.4, ilhali juu ya bati kuna paneli za kilowati 10 na jua lilikuwa limewafukuza hata kuku uani. Hakuna kilichoharibika. Betri zilikuwa zimejaa tangu saa nne na nusu, wageni walikuwa wamekwenda mbugani, na inveta, kwa kukosa pa kuupeleka umeme, ilikuwa imezibana paneli. Julai mambo hugeuka: mawingu huufunika Mlima Meru siku nyingi mfululizo, na jenereta ya dizeli ndiyo hutuvusha.

Mpwa wangu anayesomea uhandisi wa umeme ndiye aliyelileta wazo. "Mjomba," aliniambia, "umeme huo unaopotea ungeutumia kuchanganua maji yawe haidrojeni na oksijeni, ukahifadhi haidrojeni, Julai ukairudisha kuwa umeme." Wazo hilo si la kupuuzwa, kwa hiyo nilikaa na kikokotoo jioni nzima.

Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni hudai takriban uniti 55 za umeme na lita 9 za maji, tena maji yaliyosafishwa mno. Haya yetu yenye floridi, yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, yangeuua mtambo wa kuchanganua maji mapema. Kilo hiyo hubeba nishati ya uniti 33, na seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kutokana na haidrojeni, hurudisha karibu nusu yake kuwa umeme. Ukiingiza uniti 100 unapata 30, kabla hujahesabu umeme unaoliwa na kompresa ya kushindilia gesi mtungini. Betri ya lithiamu ingekurudishia zaidi ya 80.

Hata hivyo, upotevu huo si hoja ninayoiogopa, kwa sababu umeme wangu wa Februari ungepotea vyovyote vile. Kinachouma ni mtambo kukaa bure. Tuseme mtambo wa kuchanganua maji unagharimu shilingi milioni 3 kwa kila kilowati na unadumu miaka 10, yaani shilingi 300,000 kwa mwaka bila riba. Ukifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, kila kilo ya haidrojeni inabeba shilingi 2,750 za mtambo. Ukiusubiri umeme wa ziada peke yake, ambao mimi ninaupata kwa saa kama 1,000 hivi, kilo ileile inabeba shilingi 16,500. Anayesema haidrojeni itakuwa rahisi kwa kuwa sola ni rahisi ameitazama nusu moja tu ya hesabu, maana umeme wa bure huja kwa saa chache, na saa chache ndizo zinazoupandisha mtambo bei.

Halafu kuna kuhifadhi. Kwa fundi wa kuchomea vyuma jirani yetu ipo mitungi ya oksijeni ya lita 50, ambayo vijana huisogeza kwa kuiinamisha na kuizungusha kwenye kitako kwa sababu haibebeki. Mtungi wa ukubwa huo, ukijazwa haidrojeni kwa kanieneo mara 200 ya ile ya hewa, unabeba gramu kama 700 tu, ambazo zingenipa uniti 12 hivi za umeme. Mimi Julai ninapungukiwa uniti kama 500, kwa hiyo ningehitaji mitungi 42, ambayo ingejazwa na kutumika mara moja tu kwa mwaka. Kwa dizeli, uniti hizo ni lita 170 hivi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ni kama shilingi nusu milioni. Mpwa alinyamaza hapo.

Kwa mtambo mkubwa hesabu inabadilika, kwa sababu ghala linaweza kuwa ardhi yenyewe. Teesside, Uingereza, haidrojeni imehifadhiwa katika mapango yaliyochimbwa ndani ya tabaka la chumvi ardhini tangu 1972, na karibu na mji wa Delta, jimboni Utah, Marekani, mapango mawili ya namna hiyo yamechimbwa ili kulisha kituo cha umeme chenye turbini za gesi, kikianza na mchanganyiko wa asilimia 30 ya haidrojeni. Pango likishachimbwa, kuongeza akiba kwa ajili ya msimu mwingine hakuhitaji chuma kingi. Chini yetu sisi hakuna chumvi ya namna hiyo, kuna majivu na miamba ya volkano.

Lakini tunalo ghala letu. Maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, huzungusha mitambo ya megawati 8 palepale, kisha ya megawati 21 Hale, kisha ya megawati 68 Pangani, na kila sola inapofanya kazi mchana maji hayo yanaweza kungoja. Kama kuna haidrojeni safi ya kutengenezwa nchini, ningeipeleka kwanza kwenye mbolea ya naitrojeni, ambako haidrojeni inahitajika kama malighafi na haina mbadala, kuliko kuirudisha kuwa umeme.

Sisi tumehamisha kazi. Pampu ya kisima, mashine ya kufulia na hita ya maji sasa huwashwa kuanzia saa tano asubuhi, ingawa dada anayefua alilalamika kwamba mashuka yanachelewa kuanikwa. Jana saa sita kioo kilisomeka kilowati 5.2.